Chumba kinaganda huku Njombe, nichukue hita gani isiyonifilisi kwenye LUKU?

mgeni_wa_nyanda

Habari za jioni wakuu. Nimehamishiwa Njombe mjini kikazi nikitokea Tanga, na wanaoijua Tanga wanajua kule sweta mtu anavaa akiumwa homa tu. Sasa huku tangu mwezi wa sita uanze nalala na soksi, koti na blanketi mbili na bado alfajiri naamka pua ya baridi kama ya mbwa, wenyeji wananicheka wanasema subiri Julai ndio utaijua Njombe.

Ingekuwa mimi peke yangu ningevumilia ila mke anakuja mwisho wa mwezi na mtoto wa miezi miwili, ndio maana nataka nichukue hita ya chumbani kabla hawajafika. Chumba ni kama mita 3 kwa 4, kipo kwenye kona ya nyumba kwa hiyo kuta mbili zinatazama nje, chini tailizi, juu kuna silingi bodi ila kile kimlango cha kupandia darini hakina kifuniko, ukiangalia unaona bati. Juu ya dirisha kuna yale matofali ya matundu.

Nimepita madukani nimeona aina tatu. Kuna kadogo kanapuliza kama feni, kuna ile inawaka nyekundu kama taa, na kuna ile nzito ya mapezi wanaita ya mafuta, hiyo ndio bei imechangamka kuliko zote. Muuzaji anasema ya mafuta haili umeme kabisa, duka la pili wananiambia inakula kuliko pasi. Jirani yangu yeye anasema niachane na hayo mambo, niwashe jiko la mkaa nusu saa chumbani kabla ya kulala. Bajeti yangu laki mbili, ikizidi isizidi sana. Nimepanga, na mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kutumia, tunachangia wapangaji watatu. Nishaurini.

Mkinga_wa_Makete

Kamwene mgeni! Hiyo Njombe mjini ni joto bwana, panda Kitulo mwezi wa saba asubuhi ukaone sakitu imelala kwenye majani ndio urudi kulalamika 😂

Kwa mtu mzima mimi sioni haja ya hita. Chukua blanketi zito la mtumba, yale ya Kikorea yenye picha ya chui, shuka la kitambaa kizito cha manyoya badala ya hizo za pamba unazotandika Tanga, na usilalie godoro lililowekwa chini kwenye tailizi. Baridi kubwa inatoka chini na watu wanahangaika kujifunika juu. Weka hata zulia au mkeka mnene pale unapokanyaga ukishuka kitandani.

Ila kwa kuwa kuna kichanga hapo sawa, tafuta hita. Na hilo jiko mwambie jirani asante, hapana. Kwetu jiko linakaa jikoni au sebuleni watu wakiwa macho wanapiga stori, mlango upo wazi, na likimaliza kazi linatolewa nje. Chumbani kwa kulala haliingii, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu bila moshi. Tena huo mwekundu bila moshi ndio mbaya maana mtu anaona uko salama.

fundi_nyaya

Mkuu nipo Iringa na kazi yangu ni umeme wa majumbani, ngoja nikuelezee vizuri maana hapo dukani wote wawili wamekudanganya.

Hita zote hizo tatu zinafanya kitu kimoja, zinapitisha umeme kwenye koili inapata moto basi. Uniti moja ya umeme (yaani wati 1000 kwa saa moja) ikiingia kwenye hita ya elfu 40 au ya laki 4 joto linalotoka ni lile lile, hakuna hita ya koili inayozalisha joto zaidi ya umeme inaokula. Kwa hiyo usiulize ipi haili umeme, uliza ina wati ngapi, itawaka masaa mangapi, na joto lake linakaa chumbani au linakimbilia darini.

Chumba chako ni mita za mraba 12. Hesabu ya haraka tunayotumia ni wati 100 kwa kila mita ya mraba kwa nyumba isiyozibwa vizuri, kwa hiyo unahitaji kama wati 1200. Ya mafuta yenye mapezi 7 mara nyingi ni wati 1500, ya mapezi 9 ni 2000, ya 11 inafika 2500. Chukua ya mapezi 7 au 9 yenye swichi mbili au tatu za nguvu na yenye themostati. Kwa nini ya mafuta? Inachelewa kupata moto, dakika 20 mpaka nusu saa, lakini ikishapata inakata umeme yenyewe huku mapezi bado yana joto, halafu inawasha tena chumba kikianza kupoa. Haina kelele, haina kitu kinachowaka nyekundu, na shuka likiiangukia hatari ni ndogo kuliko zile mbili, japo hiyo sio ruhusa ya kuanikia nepi juu yake. Ya feni inapasha haraka ila ukiizima dakika 10 baridi imerudi, na usiku kucha ile sauti mtoto hatalala. Ya taa inampasha aliyekaa mbele yake, hewa ya chumba inachelewa kupata joto.

Themostati ya hizi hita usitafute digrii, nyingi zimeandikwa 1 mpaka 6 na hiyo 4 haimaanishi chochote. Fanya hivi: izungushe mpaka mwisho, funga mlango, subiri chumba kifike joto unalolitaka wewe, halafu irudishe nyuma taratibu mpaka usikie ta! Hapo ndipo penyewe, weka alama ya kalamu usiguse tena.

Sasa pesa. Kama mita yenu ni ya matumizi madogo ile D1, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja na zinazozidi ni 350, hiyo ni kabla ya VAT na makato mengine. Ila wapangaji watatu kwenye mita moja nina uhakika mpo T1, ile ya matumizi ya kawaida, 292 kabla ya makato, ukijumlisha VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti) 1% inakuja kama 356, ndio ile elfu moja inakupa uniti 2.8. Hita ya wati 1200 ikiwaka mfululizo masaa 5 ni uniti 6 kwa usiku, mwezi uniti 180, unazungumzia elfu 64. Themostati ikifanya kazi na chumba kimezibwa, inaweza kuwaka nusu tu ya muda huo, elfu 32. Chumba kisipozibwa haitazima kamwe, itawaka mpaka asubuhi inapasha bati.

Kwa hiyo kabla ya duka la hita nenda duka la mbao. Hicho kimlango cha darini kata kipande cha plaiwudi au silingi bodi kifunike, hewa ya moto inapanda juu na hapo umeiachia geti. Chini ya mlango viringisha khanga kuukuu iwe kama soseji au piga ule mpira wa mlango. Matofali ya matundu ziba kwa boksi au sponji ila bakiza kidogo upande mmoja, watu watatu wakipumua usiku kucha kwenye chumba kilichofungwa kabisa ukuta utaanza kutoka jasho na ukungu mweusi. Pazia liwe zito na lishuke mpaka chini.

bintiSayuni

Samahani naomba kuuliza, hiyo ya mafuta unaongeza mafuta kila baada ya muda gani na ni ya kula au dizeli? Naogopa harufu

fundi_nyaya

Hayaongezwi dada, yamefungwa humo ndani tangu kiwandani na hayaungui, kazi yake ni kubeba joto kutoka kwenye koili kulipeleka kwenye mapezi. Ukiona yanavuja chini hiyo hita imekufa, usiiwashe. Na isilazwe, isimame wima kwenye magurudumu yake. Ikisafiri imelala kwenye basi, ukifika isimamishe ikae masaa kadhaa ndio uchomeke ili mafuta yarudi yafunike koili.

Wa_Limuru

Niaje nyote, huku kwetu Limuru Julai si mchezo, ukungu unaingia hadi ndani ya nyumba. Mimi nilitoka kwa stima nikaenda kwa heater ya gesi, ile kubwa iko na magurudumu na mtungi unakaa nyuma. Inapasha sitting room yote ndani ya dakika kumi na stima ikipotea haikuhusu. Ile ya kawaida iko na paneli tatu, kila paneli karibu kilowati 1.4, ukiwasha moja peke yake inakula kama gramu 100 kwa saa, kwa hivyo mtungi wa kilo 13 unakupeleka masaa 130 hivi. Ukiwasha zote tatu huo mtungi haufiki wiki mbili kama unakaa jioni zote.

Lakini kwa bedroom na mtoto mchanga singekushauri. Ule moto unatumia hewa ya ndani na kila kilo ya gesi ikichomeka inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, utaona madirisha yanalia. Lazima uache dirisha wazi kidogo, sasa unapasha na kupoesha kwa wakati mmoja. Sebuleni watu wakiwa macho, sawa. Kulala nayo, zii.

nesi_Leeds

Nafanya kazi wodi ya watoto huku Uingereza ila nimezaliwa Mufindi kwa hiyo baridi ya huko naijua. Niseme mambo mawili matatu kuhusu mtoto maana wengi mnaongelea chumba.

Mtoto wa miezi miwili hahitaji chumba cha moto. Huku wazazi wanashauriwa chumba anacholala mtoto kiwe kati ya digrii 16 na 20, na joto likizidi sana ni hatari kwake kuliko watu wanavyodhani kwa sababu hawezi kujifunua na jasho lake halifanyi kazi kama letu. Nunua kipimajoto cha ukutani, ni bei ndogo, kiweke karibu na kitanda chake sio juu ya hita. Kumjua kama ana joto usiguse mikono wala miguu, hiyo kwa kichanga huwa ya baridi tu, pitisha vidole nyuma ya shingo au kifuani. Ukikuta jasho punguza nguo moja. Ukikuta pa baridi, mama amweke kifuani ngozi kwa ngozi na blanketi juu yao huku mama yuko macho, hakuna hita inayoshinda hiyo.

Hita ikae mita moja au zaidi kutoka kitandani na chandarua kisiiguse. Hilo la chandarua nawaambia kwa msisitizo maana vyumba vyetu vidogo na chandarua kinapepea. Blanketi la umeme au chupa ya maji ya moto ni kwa wakubwa tu, mtoto hapana. Mnaweza kupasha kitanda chenu kwa chupa kabla ya kulala kisha mkaitoa.

Na mkaa nimeona mmeshasema, naongeza sababu. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaanza na kichwa kuuma na uchovu, anadhani ni usingizi, analala. Ile ya "nusu saa kabla ya kulala halafu natoa" inavunjika siku moja tu mtu alipopitiwa.

Kiboko_ya_Mufindi

Mimi napingana na fundi kidogo. Natumia ile ya taa nyekundu ya wati 800, wati 400 kila bomba, mwaka wa pili huu. Naiwasha nikitoka kuoga na nikiwa nasoma, inanielekea mimi basi, saa moja nazima naingia kitandani kwenye blanketi la umeme. Umeme wangu wa mwezi haujabadilika kivile. Hiyo ya mafuta mpaka ipate moto mimi nishalala.

fundi_nyaya

@Kiboko hatupingani mkuu, wewe unapasha mtu na yeye anataka kupasha chumba. Kwa matumizi yako uko sahihi kabisa, wati 800 kwa saa moja haifiki hata uniti moja, na blanketi la umeme la wati 100 usiku mzima wa masaa 8 ni uniti 0.8. Kwa bachela hiyo ndio njia ya bei rahisi kuliko zote. Ila bomba lile linaungua vibaya kitu kikiliangukia na mtoto akianza kutambaa mwakani itabidi mgeni aitoe ndani. Ukinunua hakikisha ina swichi ya chini inayozima ikipinduka, inyanyue kidogo hapo hapo dukani ikiwa inawaka uone kama inakata.

Mgeni ongeza na haya kabla hujaenda dukani maana hapa ndipo nyumba zinapoungua. Hita ya wati 2000 kwa umeme wa 230 inavuta karibu ampia 9. Soketi nzuri inabeba, ila ekstensheni zile nyembamba za elfu tano zenye matundu sita hazibebi, waya wake unapata moto chini ya zulia hamjui. Chomeka moja kwa moja ukutani. Baada ya nusu saa shika plagi, vuguvugu sio neno, ikiunguza au ukisikia harufu ya samaki au plastiki chomoa, soketi imelegea ndani. Na muulize mwenye nyumba soketi zilivutwa waya gani, inatakiwa 2.5 (unene kwa milimita za mraba), kuna mafundi wenzangu wanavuta 1.5 ya taa kwenye soketi ili wabakize waya.

Za mtumba angalia kibati cha nyuma. Zinazotoka Ulaya ni 220 mpaka 240 hazina shida isipokuwa plagi ya miguu miwili ya mviringo, watu wanaitia adapta ya buku na ile adapta ndiyo inayeyuka. Kata, weka plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya 13 na waya wa ethi (wa ardhini) uunganishwe. Za Japani ni volti 100, ukiichomeka kwenye yetu inavuta nguvu mara 5 ya iliyoandikwa, haimalizi dakika.

Kitu kingine, jioni watu wote wakiwa nyumbani na umeme ukishuka mpaka 190, hita yako ya 2000 inakuwa kama 1360. Usishangae ukiona saa mbili usiku inasuasua na usiku wa manane inachapa kazi.

mzee_wa_Toronto

Huku bila joto la ndani unakufa kweli kwa hiyo nimetumia kila aina. Kama ni nyumba yako mwenyewe na sio ya kupanga, fikiria AC ile inayotoa baridi na joto, inverter. Yenyewe haichemshi koili, inahamisha joto kutoka nje kuingia ndani, kwa uniti moja unaweza kupata joto la uniti tatu hasa baridi ikiwa ya kadiri kama hiyo yenu isiyofika hasi kumi. Gharama ya kufunga ndio kisiki. Kwa mpangaji sahau.

Halafu kuna hili la beseni la maji ambalo najua kuna mtu atalileta. Hita ya umeme haimalizi hewa, haiunguzi oksijeni. Hewa ikipashwa tu unaisikia kavu, koo linakereka. Beseni la maji lina msaada kidogo, halina madhara, ila kwenye chumba chenye kichanga na waya chini mimi nisingeweka maji sakafuni.

mgeni_wa_nyanda

Wakuu nashukuru sana. Leo jioni nimemleta fundi seremala amefunika kile kimlango cha dari kwa plaiwudi na amepiga mpira chini ya mlango, matundu nimeziba manne nimeacha mawili. Tofauti ipo, mwanga wa bati hauonekani tena na ule upepo wa kichwani haupo. Kipimajoto nimekinunua duka la dawa, sasa hivi saa tatu usiku kinasoma 14.

Ya mapezi 7 nimeiona, wati 1500 ina swichi mbili, 600 na 900, unaweza kuwasha moja moja au zote pamoja. Bei ipo ndani ya bajeti. Plagi ni ya miguu mitatu.

Kilichobaki ni majirani. LUKU tunachanga sawa kwa sawa elfu 15 kila mmoja, na mmoja wao ana taa mbili na simu ya kuchaji. Nikiwasha hita mwezi wa kwanza tu itakuwa kesi kwa mwenye nyumba. Nimwambie nitaongeza kiasi gani? Au nikae kimya nilipe nikiulizwa?

Mkinga_wa_Makete

Usikae kimya! Uniti zikianza kukimbia watatuhumiana wenyewe na utakuwa umegombanisha watu kwa ajili ya mapezi. Waite wote wawili waoneshe hita yenyewe.

fundi_nyaya

Nunua sabumita, ile mita ndogo ya kuhesabia tu isiyo na LUKU, inafungwa kwenye waya unaoingia chumbani kwako. Fundi yeyote mwenye leseni anafunga kwa saa moja au mbili ila mwenye nyumba aridhie kwanza. Kila tarehe moja mnasoma namba wote mkiwa mmesimama pale, uniti zako unazidisha kwa 356 unalipa, zilizobaki wanagawana wawili. Yule wa taa mbili atafurahi kuliko wote maana leo anakulipieni.

Ikishindikana kabisa, kuna plagi za kupimia umeme unachomeka kati ya soketi na hita, zinaonesha uniti zilizotumika. Hakikisha tu imeandikwa inabeba ampia 13, na piga picha namba kila mwisho wa mwezi uwatumie kwenye grupu lenu.

Na hiyo 600 na 900 ni nzuri sana kwa chumba chako. Jioni washa zote mpaka kipimajoto kifike 18 hivi, mkiingia kulala bakiza 600 peke yake na themostati ukishaiweka pale penye ta.

mgeni_wa_nyanda

Sabumita basi. Kesho naongea na mwenye nyumba kabla sijabeba hita.

nesi_Leeds

Na mke wako akifika mwambie soksi za mtoto za sufu anunue sokoni hapo hapo Njombe, za Tanga hazitamfaa.